Kuku wa Kuchi: Ametoka Wapi, na Atakufaa Nini

Wako wenzetu hapa Unguja wanaotoa fedha nyingi kununua jogoo wa kuchi, na baada ya miezi michache hawana jogoo wala fedha. Basi leo tumjue kwanza kuku mwenyewe.

Mtazame. Mrefu, shingo juu, amesimama wima kama askari wa gwaride. Miguu minene, mdomo mfupi uliopinda, undu mdogo uliolala kichwani, ndevu karibu hana. Manyoya nayo ni haba, hata ngozi ya kifuani huonekana. Jogoo mzima hupita kilo mbili na nusu.

Hilo ni umbo la kuku wa kupigana wa Asia. Wataalamu walipochunguza urithi ule ambao kifaranga huupata kwa mama tu, waliona kuchi ana udugu na Shamo, kuku wa kupigana wa kisiwa cha Shikoku, Japani. Na Shamo naye jina lake latokana na Siam, ndiyo Thailand ya leo. Huko Shikoku uko mkoa uitwao Kochi, na wapo wasemao jina kuchi limetoka huko. Mimi silishikilii sana, majina hufanana. Lakini kwamba alikuja na vyombo vya baharini, kama vile vilivyotia nanga Forodhani penye ushuru, hilo halina ubishi kwangu. Leo yuko Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa, mpaka Mwanza na Shinyanga.

Sasa kasoro zake. Tetea wa kuchi hutaga kidogo, usimfuge kwa mayai. Vifaranga huchelewa kuota manyoya, na baridi ya masika huwaua. Banda liwe kavu. Majogoo wawili usiwaweke pamoja hata usiku mmoja. Mimi niliwafungia wawili nikidhani wamekwisha zoeana. Asubuhi mmoja hana jicho.

Nunua jogoo mmoja, mpe matetea kumi wa kienyeji. Mama atataga kama kawaida yake, na machotara watakuwa wazito kumshinda. Ila ukipata tetea wa kuchi halisi, mtenge na jogoo wake, maana tukichanganya wote mbegu yenyewe itapotea.

Kuku mgeni akae peke yake wiki mbili. Na chanjo ya mdondo, ile ya I-2, ni tone moja jichoni kila miezi mitatu. Zungumza na jirani, mchanje siku moja.