Umetolewa mawe ya figo? Usiisahau stenti

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mawe ya figo mara nyingi hurudi kijijini akiamini kazi imekwisha. Yale maumivu ya ubavuni yaliyokuwa yakimgaragaza usiku hayapo tena. Lakini wagonjwa wengi hurudi na kitu ambacho hawakwenda nacho hospitali: stenti.

Stenti ni kibomba laini, chembamba kama mrija wa wino wa kalamu, na urefu wake kwa mtu mzima ni kama sentimita 24 hadi 26. Ncha moja hujikunja ndani ya figo, nyingine ndani ya kibofu. Huwekwa kwa sababu njia inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo huvimba baada ya upasuaji, na ikivimba inaweza kuziba. Usiichanganye na ule mpira wa mkojo unaounganishwa na mfuko. Stenti iko ndani na huioni, isipokuwa kwa wachache wanaoachiwa uzi mdogo nje. Kama wewe ni mmoja wao, usiuvute.

Kwa kuwa haionekani, husahaulika. Kwa kawaida hukaa siku chache hadi wiki 6 hivi, na kwa wengi haitakiwi kupita miezi 3 bila daktari kusema. Ikiachwa, chumvi za mkojo huganda juu yake, mawe mapya hujengeka, na figo inaweza kuziba na kufa polepole, pengine bila maumivu makali ya kukushtua. Kuitoa kwa wakati ni kazi ya dakika chache: daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, mara nyingi kwa ganzi tu, akaishika na kuivuta. Ikishaganda, huenda ukahitaji upasuaji mwingine.

Kwa hiyo kabla hujatoka wodini uliza: nimewekewa stenti? Upande gani? Itatolewa lini, na wapi? Tarehe iweke kwenye simu yako na umwambie pia mtu wa nyumbani. Kwa anayetoka Ukerewe kwenda Bugando, nauli si jambo dogo, basi uliza kama hospitali iliyo karibu nawe inaweza kuitoa. Kama haiwezi, nauli ya kurudi itengwe mapema, kabla mahitaji mengine hayajaimeza.

Stenti ikiwa ndani utakojoa mara kwa mara, tena kwa haraka. Ubavu unaweza kuuma wakati wa kukojoa, na mkojo ukawa na rangi ya waridi, hasa baada ya kutembea sana au kupanda bodaboda kwenye barabara mbovu. Hayo husumbua, lakini ni ya kawaida. Pumzika, ongeza maji, tumia dawa ulizoandikiwa. Diklofenaki na dawa za aina hiyo usijinunulie dukani, kwani zinaweza kuidhuru figo.

Homa ni jambo jingine. Huku kwetu homa na kutetemeka huitwa malaria kabla hata ya kupima. Pima, ndiyo, lakini mwambie mhudumu wa zahanati kwamba umefanyiwa upasuaji wa figo. Maambukizi ya figo yanaweza kuingia kwenye damu ndani ya saa chache, na hayatibiwi na dawa ya malaria. Ukipata homa, ukishindwa kukojoa, ukitapika mfululizo au ukitoa damu nzito yenye mabonge, nenda hospitali usiku huo huo.

Kazi nzito hutegemea aina ya upasuaji. Aliyepitishiwa kamera kwenye njia ya mkojo huweza kurudia kazi nyepesi baada ya siku chache. Aliyetobolewa mgongoni ahesabu wiki 2 hadi 4, na aliyepasuliwa kwa kisu wiki 6 hivi. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, basi mama aliyetoka kupasuliwa asiachiwe kuteka maji. Hilo ni jukumu la familia nzima.

Kunywa maji kama lita 3 kwa siku, zaidi ukishinda shambani, mpaka mkojo uwe mweupe au wa manjano hafifu. Mwenye ugonjwa wa moyo, au ambaye figo zake hazifanyi kazi vizuri, aulize kwanza daktari. Punguza chumvi. Maziwa usiyaache, ingawa wengi huambiwa waache: yakinywewa pamoja na chakula husaidia kuzuia baadhi ya mawe. Dawa za mizizi za kuyeyusha mawe ziache, maana baadhi huumiza figo.

Ukiona vipande vya jiwe kwenye mkojo, usivitupe. Vikaushe, vitie kwenye kichupa safi, uende navyo siku ya kutolewa stenti. Vikipimwa, daktari atajua ni mawe ya aina gani na akueleze chakula gani upunguze.