Nafsi, Fahamu na Mwenendo: Juu ya Istilahi za Saikolojia

Mwenye kufasiri vitabu vya saikolojia kwa Kiswahili hufika mara moja penye njia panda: elimu hii yachunguza nini hasa? Jina lenyewe latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya roho au nafsi, na Waarabu nao huiita elimu ya nafsi. Lakini madhehebu yake ya kwanza hayakupatana juu ya jambo hilo, na kila moja ladai neno lake.

Wilhelm Wundt alifungua maabara yake mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879. Alichokichunguza ni fahamu, yaani yale ambayo mtu huyatambua ndani yake mwenyewe. Mwanafunzi wake, Edward Titchener, aliyekwenda Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1892, aliigawa fahamu katika sehemu zake ndogo: hisi, taswira na maono. Dhehebu hili twaweza kuliita la muundo.

William James, katika kitabu chake cha mwaka 1890, aliifananisha fahamu na mto utiririkao, usiokatika vipande, akauliza yamfaa mtu nini maishani. Kutokana na swali hilo lilikua dhehebu la kazi. Naye Max Wertheimer alionyesha mwaka 1912 kwamba mianga miwili iliyosimama, ikiwashwa kwa zamu upesi, huonekana kama mmoja unaokwenda. Mwendo huo haumo katika mwanga wowote peke yake. Basi kitu kizima si jumla ya sehemu zake tu. Hilo ni dhehebu la umbo.

Mwaka 1913 John Watson aliitupa fahamu nje kabisa, akataka yachunguzwe yaonekanayo tu. Hapa wafasiri wengi huandika *tabia*. Neno hilo lapaswa kupimwa. Asili yake katika Kiarabu ni maumbile, na methali yetu yasema tabia ni kama ngozi. Watson alishikilia kinyume chake, kwamba mengi atendayo mtu ameyapata kwa kujifunza. Tukimfasiri kwa *tabia*, twamtilia kinywani hoja aliyoipinga.

Yafaa basi *tabia* ibaki kwa hali iliyokwisha kukaa ndani ya mtu, na *mwenendo*, neno litokalo katika kwenda, litumike kwa matendo yaonekanayo. Tofauti hiyo Kiswahili kinayo tayari. Kuipoteza ni hasara ya msomaji.