Fahamu: Kwa nini SHA inauliza kuhusu paa la nyumba yako

Tangu Oktoba 1, 2024, Wakenya wanachangia matibabu kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya Hazina ya Taifa ya Bima ya Hospitali, NHIF. Kwa aliyeajiriwa hesabu ni nyepesi: asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato, bila kikomo cha juu. Anayelipwa shilingi 50,000 anakatwa 1,375 kila mwezi.

Shida iko kwa mama mboga, mwendesha boda boda na fundi wa jua kali. Hawana hati ya mshahara, kwa hiyo mfumo unakadiria kipato chao kwa maswali: paa ni la mabati au nyasi? Sakafu ni ya udongo au saruji? Mnapikia nini, maji mnayatoa wapi? Majibu ndiyo yanayozaa kiwango cha kulipa, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi.

Lakini mchango huo hudaiwa wa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 kwa uchache. Kwa mtu anayepata riziki yake siku kwa siku, hapo ndipo mlango unapofungwa, na naona ni dosari kubwa. Mwaka 2025 serikali ilianzisha mkopo wa Lipa SHA Pole Pole ili kupunguza makali.

Hata hivyo, jisajili. Usajili ni bure, na huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vya umma hugharamiwa na kodi, hata kama hujachangia. Mchango unahitajika unapolazwa hospitalini.