Kuuza mchele kwa WhatsApp: tuzungushe gurudumu



Siku hizi mnunuzi wa Kindu ao wa Salamabila hangoji siku ya soko. Anaona picha ya mchele wetu ndani ya WhatsApp, anaandika "nitumie viloba vitatu", anatuma pesa kwa Airtel Money, M-Pesa ao Orange Money. Hiyo ni biashara ndogo ya intaneti, hata kama sisi hatuiiti hivyo. Na inaweza kula faida ya msimu mzima bila mtu kujua imepita wapi.

Tuliyaona hayo kwa koperative moja kwenye barabara ya Kasongo–Kabambare. Simu ilishikwa na kijana mmoja, komande zote alizibeba kichwani. Siku moja mnunuzi akapiga: "Papa, kiloba kimefika, lakini kilo mbili hazimo." Nani alipima? Nani alifunga? Hakuna aliyejua. Watu wakaanza kumwita kijana mwizi. Tukaomba daftari, daftari halikuwepo.

Kilo mbili ni kitu gani? Tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu, kila mmoja aweke za kwake. Kiloba cha kilo 50 kinauzwa mbali kwa 100 000 FC. Ondoa pikipiki 15 000, makato ya simu 3 000, mega 2 000, kiloba kitupu 2 000. Zinabaki 78 000. Mchuuzi wa kijijini angetupa 75 000. Basi faida ya kuuza kwa simu ni 3 000 tu. Ukirudishia mnunuzi kilo mbili, ni 4 000. Umeuza mbali, umepata hasara ya 1 000.

Kuna utaratibu wa kusaidia. Mmarekani W. Edwards Deming aliwafundisha wenye viwanda wa Japani tangu mwaka 1950 namna ya kupunguza makosa ya kazi. Kutokana na mafundisho yale likajulikana gurudumu lenye hatua nne. Viwanda vikubwa vinalitumia, lakini hata depo yetu ndogo inaliweza.

Panga. Kabla ya kutuma picha, hesabu viloba vilivyo ndani ya depo. Usiahidi mpunga ulio bado shambani. Andika bei, gharama zote, na nani atafanya nini.

Fanya. Pesa ikiingia, andika: tarehe, jina, idadi, pesa. Watu wawili wapime kiloba pamoja, watie sahihi, wapige picha kikiwa juu ya mizani. Kisha kipakiwe.

Pima. Kila juma keti na daftari. Komande ngapi ziliingia? Ngapi zilifika zikiwa kamili? Pesa ya simu inalingana na ya daftari?

Rekebisha. Chagua kosa moja, moja tu, ulitafutie dawa. Juma lijalo unaanza tena kwa kupanga. Ndiyo maana linaitwa gurudumu: halisimami.

Angalizo moja: anayeshika simu asiwe yeye anayekagua. Sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, na ambayo inatuhusu tangu Kongo kuingia OHADA mwaka 2012, inataja komite ya uongozi na pia komisyo ya uangalizi. Waangalizi wapewe daftari la simu kama wanavyopewa la kesi. Hakuna rezo? Daftari la karatasi halihitaji rezo.

Koperative ile ilianza na ukurasa mmoja. Mnunuzi mwingine alipolalamika kwamba kilo imepungua, daftari na picha vilionyesha kiloba kilitoka na kilo 50 kamili. Basi mchele ulimwagika njiani. Walipoangalia, mshono ulikuwa umefunguka kwa mitikisiko ya barabara. Tangu siku ile wanashona mara mbili na kuvalisha kiloba cha pili. Tena wanapanga gharama hiyo ndani ya bei.

Na yule kijana? Bado anashika simu. Hakuna anayemwita mwizi tena. Daftari halikulinda mchele peke yake, lilimlinda na yeye.

Kwenye mkutano wenu ujao, ulizeni swali moja: kiloba cha mwisho kilichouzwa kwa simu, nani alikipima? Kama jibu halipatikani, anzeni hapo.