Kwa Nini Nyonga ya Bandia Huteguka?

Mkulima wa Shishiyu, mkoani Simiyu, huikunja nyonga yake mara nyingi kwa siku: aketipo juu ya kigoda, apaliliapo pamba kwa jembe la mkono, achutamapo chooni. Nyonga ya asili huyamudu hayo yote. Nyonga ya bandia huenda isiyamudu.

Kiungo hicho ni tufe lililopachikwa juu ya fupa la paja, nalo huzunguka ndani ya kikombe kilichokazwa kwenye fupanyonga. Kuteguka ni tufe kuchomoka kikombeni. Daktari John Charnley wa Uingereza, aliyebuni muundo wake mashuhuri kufikia mwaka 1962, alitumia tufe la kipenyo cha milimita 22 tu ili kupunguza msuguano. Tufe la milimita 36 halichomoki kwa urahisi namna hiyo, na sababu yake ni hesabu ya darasani: kikombe kikiwa nusu tufe, kina chake hulingana na nusu kipenyo, hivyo tufe kubwa lina safari ndefu zaidi kufikia ukingo.

Mwinamo wa kikombe nao una uzito. Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake, huko Marekani, walipendekeza nyuzi 40 za mwinamo na nyuzi 15 za kuelekea mbele, pasipo kuzidi au kupungua kwa zaidi ya nyuzi 10. Lakini nyonga nyingi zilizoteguka baadaye zilikutwa zimo ndani ya mipaka hiyohiyo! Pembe peke yake, basi, haitoshi. Walio hatarini zaidi ni wenye misuli dhaifu, waliopasuliwa nyonga hiyo zaidi ya mara moja, waliovunjika shingo ya fupa la paja, na wenye uti wa mgongo uliokakamaa, kwa kuwa fupanyonga lao halilali nyuma wanapoketi.

Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, maradhi yawezayo kukinyima damu kichwa cha fupa la paja hadi kife. Kwa hiyo ahitajiye nyonga mpya aweza kuwa kijana mwenye kazi nyingi mbele yake.

Aliyepasuliwa kwa upande wa nyuma huambiwa asikunje nyonga kupita nyuzi 90, wala asigeuze goti kuelekea ndani, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Agizo hilo lilitungwa kwa watu wa viti virefu. Kuchutama hulivunja mara moja. Seremala wa kijijini aweza kusaidia: kiti cha mbao chenye tundu, cha kuwekwa juu ya shimo la choo, kimo chake kikizidi kidogo goti la mgonjwa.