Fahamu: Yai la kila siku lina madhara?

Jioni, kituo cha daladala Gongo la Mboto. Kijana anamenya yai la kuchemsha, analipasua kwa kisu, anajaza kachumbari na pilipili. Je, ukila hivi kila siku moyo utakuwa salama?

Yai moja lina takriban gramu 6 za protini na miligramu 186 za kolesteroli; kolesteroli hiyo yote iko kwenye kiini. Marekani iliwahi kushauri watu wasizidishe miligramu 300 kwa siku. Mwaka 2015 kikomo hicho kikaondolewa. Sehemu kubwa ya kolesteroli ya damu hutengenezwa na ini lenyewe, na mafuta yanayoganda (saturated fat) ndiyo huipandisha zaidi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, yai moja kwa siku halina tatizo. Mwenye kisukari au kolesteroli ya juu amuone daktari kwanza. Chipsi mayai ni habari nyingine: mafuta yamekaangiwa tangu asubuhi mpaka yamekuwa meusi, na chumvi juu yake. Hapo tusilisingizie yai.

Mzazi, mwanao akishatimiza miezi 6, mpe yai lililoiva vizuri, kiini kisiwe majimaji.