Kerala, ng'ambo ya upepo wa kusi

Ukimwambia jirani kwamba unakwenda India, kuna uwezekano mkubwa akuulize: "Kuna nini, nani anaumwa?" India tunayoijua Waafrika Mashariki wengi ni ya hospitali, ya vyuo na ya filamu. Lakini kusini-magharibi mwa nchi hiyo kuna jimbo ambalo mtu wa Tanga, Pemba au Kilifi anaweza kulifikia akajiona hajatoka mbali. Ni Kerala. Lina pwani ya kilomita zipatazo 590, bahari upande mmoja na milima upande wa pili, na katikati minazi isiyohesabika. Ni mahali pa kwenda kupumzika hasa, ilimradi safari ipangwe kwa utulivu unaofanana na mahali penyewe.

Kupanga kunaanza na upepo. Ule wa kusi unaotuvumia kuanzia Aprili hadi Septemba huvuka ikweta, hugeuka na kufika Kerala ukiwa umebeba maji. Watabiri wa hali ya hewa wa India huihesabu Juni 1 kuwa tarehe ya kawaida ya mvua kuingia huko. Ikishaingia, bahari huchafuka, na kuanzia usiku wa Juni 9 hadi mwisho wa Julai meli za kukokota nyavu hupigwa marufuku ili samaki wazaane. Oktoba na Novemba mvua hurudi tena, safari hii na radi za jioni. Kwa hiyo anayetaka jua na bahari tulivu aende Desemba, Januari au Februari, msimu wa kaskazi kwetu. Manahodha wa majahazi waliijua kalenda hii muda mrefu kabla ya ndege. Vasco da Gama naye ilimbidi apewe rubani Malindi, Aprili 1498, na mwezi uliofuata akawa amefika Calicut, mji wa pwani hiyo hiyo ya Kerala.

Makaratasi si mengi. Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya huweza kuomba viza kwa mtandao. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ndiyo ya kuangaliwa mapema: chanjo iwe imetimiza siku 10 kabla ya kuingia, kwa sababu anayetoka nchi zinazohesabiwa kuwa na homa hiyo bila kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita. Hakuna namna mbaya zaidi ya kuanza mapumziko. Ndege nyingi hupitia miji ya Ghuba na kushuka Kochi, kwenye uwanja ambao tangu 2015 unajiendesha kwa umeme wa jua.

Kochi, kaa Fort Kochi, mji wa zamani ulio mdomoni mwa bandari. Ng'ambo ya maji kuna Ernakulam yenye maduka na msongamano. Kati ya pande hizo mbili kuna vivuko, na mtu wa Kigamboni au Likoni hahitaji kufundishwa kuvipanda. Ufukweni zimesimama nyavu zinazoitwa za Kichina. Mmoja ni mtambo mzima: miti mirefu iliyofungwa pamoja kama mkono wa kreni, wavu mpana umening'inia mbele, na nyuma mawe makubwa yamefungwa kwenye kamba kuwa uzito wa kusawazisha. Wanaume wanne au watano huivuta kamba, mawe yanashuka moja baada ya jingine, wavu unapanda maji yakichuruzika. Mara nyingi kilichomo ni samaki wachache wa kujaza kikapu kidogo. Wanunue hao hao, uwapeleke kwenye kibanda cha jirani ukakaangiwe.

Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa la Mtakatifu Fransisko alikozikwa da Gama mwaka 1524, kabla mabaki yake hayajapelekwa Ureno. Katika mtaa wa jirani, Mattancherry, kuna sinagogi la mwaka 1568 na maghala ya viungo. Pilipili manga tuliipa jina la Manga, yaani Uarabuni, kwa kuwa Waarabu ndio waliotuletea. Mmea wenyewe asili yake ni milima iliyo nyuma ya pwani hii.

Moyo wa Kerala, kwa maoni yangu, ni maji ya ndani. Kusini mwa Kochi, maziwa, mito na mifereji imeungana nyuma ya ukanda mwembamba wa mchanga, na Vembanad ndilo ziwa refu kuliko yote India. Katika eneo la Kuttanad watu hulima mpunga chini ya usawa wa bahari, mashamba yakizungushiwa kingo za udongo, hivyo ukiwa ndani ya boti unaliangalia shamba likiwa chini yako, na mkulima kichwa chake kiko karibu usawa wa miguu yako.

Mji wa Alappuzha umejaa boti za kulala za watalii ziitwazo kettuvallam. Kettu ni kufunga, vallam ni mashua. Zamani zilibeba mpunga, na mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja. Msomaji wa Lamu atakuwa ameshaukumbuka mtepe, chombo cha kushonwa cha kwao. Na usumba wenyewe hupatikana kwa kazi ileile ya wanawake wa Unguja wanaofukia makumbi kwenye tope la ufukwe: huku pia makumbi hulowekwa majini kwa miezi mpaka yaoze, yakapondwa, nyuzi zikasafishwa na kusokotwa.

Hata hivyo, sikushauri utumie fedha nyingi kwenye boti hizo. Ni nyingi mno, injini zake zinayachafua maji ambayo wanavijiji wanafulia na kuogea, na usiku hutia nanga, kwa hiyo unalipia safari iliyosimama. Tafuta chumba kwenye nyumba ya wenyeji wanaopokea wageni kando ya mfereji, ukae siku nne. Mchana panda boti ya abiria ya serikali kutoka Alappuzha kwenda Kottayam. Ni mwendo wa saa mbili na nusu hivi, nauli ni ndogo, na abiria wenzako ni watu wanaorudi kutoka sokoni.

Siku kumi zinatosha kwa mpango huu: tatu Fort Kochi, nne majini, tatu ufukweni Marari au Varkala. Vishawishi vitakuwepo. Utaambiwa uongeze mashamba ya chai ya Munnar, ambako njia ya kupanda mlima peke yake hula saa nne au zaidi, au Taj Mahal, iliyo karibu kilomita 2,000 kaskazini. Yaache kwa safari nyingine. Mtu aliyefunga na kufungua begi kila siku hurudi nyumbani akihitaji likizo.

Chakula hakitakusumbua. Asubuhi kuna appam, ndugu wa chila zetu, unga wa mchele uliochanganywa na tui na kuchachushwa, pembeni pakauka na katikati pakabaki laini. Mchana nenda kwenye duka la kallu, hata kama hunywi. Kallu ni tembo la mnazi, mgema amelitega juu ya mti asubuhi hiyo, na wasiokunywa huingia kwa ajili ya jiko. Agiza kappa na meen curry. Sahani itakuja na mihogo iliyochemshwa na kupondwapondwa, na kando yake samaki katika mchuzi mwekundu mkali wenye ukakasi wa tunda lililokaushwa kwa moshi. Wenyeji walio jirani yako, msuli umekunjwa hadi magotini, watakuwa wanakula kwa mkono wa kulia. Nawa, ule nao.